Hakuna rasemati, hakuna namba

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, na baba yako kaisoma pia, ingawa yeye aliishia pale penye kiasi cha posho. Umeuliza kama uikubali ile nafasi ya uzamivu kwenye vichocheo vinavyochagua mkono (molekuli nyingi zina umbo la kulia na la kushoto kama viganja viwili, na kichocheo hutengeneza moja kuliko jingine), au fani imekwisha, maana Nobel wameshaichukua mara mbili, 2001 na 2021, na kilichobaki ni makombo.

Hilo nitalifikia. Kwanza ujue kazi yenyewe inakaa wapi, maana wengi huingia wakidhani ni kuchora ubaoni ligandi, zile molekuli zinazoishika metali ya kichocheo, wakakuta ni kufukuza maji.

Mambo yote haya yanasimama juu ya nishati ndogo mno. Ili upate mkono mmoja 99 kwa 1 kwenye joto la kawaida la chumba, njia mbili za mmenyuko zinatakiwa kutofautiana kwa kilojuli 11 hivi kwa moli. Kwa 95 dhidi ya 5 ni kilojuli 7. Molekuli ya ethani kujizungusha tu kwenye bondi yake ya kaboni huvuka kizingiti cha kilojuli 12! Kwa hiyo usishangae chupa ya kiyeyusho iliyoachwa wazi mchana mmoja ikikuharibia wiki nzima.

Chukua ule uepoksidishaji wa Katsuki na Sharpless wa mwaka 1980, unaogeuza alikoholi yenye bondi maradufu kuwa epoksidi, pete ndogo ya oksijeni moja na kaboni mbili. Kwenye karatasi ni mwepesi: isopropoksaidi ya titani, dietili tartreti inayoleta mkono, haidroperoksaidi ya tert-butili inayotoa oksijeni, dikloromethani kama kiyeyusho, nyuzi 20 chini ya sifuri. Mwaka 1987 kundi la Sharpless likaonyesha kwamba ukiongeza chekeche za molekuli za angstromu 4, zile zinazonyonya maji, asilimia 5 hadi 10 ya titani inatosha. Sasa angalia panapoharibikia. Tartreti lazima iizidi titani, kwa asilimia 20 hivi, kwa sababu titani isiyoshikwa na tartreti nayo huoksidisha, ila haichagui mkono. Kinachotuokoa ni kwamba iliyoshikwa inakwenda kasi zaidi. Chekeche ziwe za unga, zimekaushwa kwa moto chini ya vakyumu. Haidroperoksaidi ile inayouzwa na maji asilimia 30 haifai. Tumia iliyo ndani ya isooktani au dikloromethani, na usiikaribishe asidi kali wala chumvi za metali ikiwa nzito. Titani na tartreti vikishachanganyika kwenye baridi, tia haidroperoksaidi polepole, kisha acha vikae dakika 20 hadi 30 kwenye baridi ileile kabla hujaingiza alikoholi. Hapo ndipo wenye haraka wanapoponzeka: wanamwaga alikoholi kichocheo hakijakaa sawa, halafu wanailaumu tartreti.

Na miwani ya kinga haivuliwi. Sharpless mwenyewe alipoteza jicho mwaka 1970 pale MIT, mrija wa sampuli ya NMR (kile kipimo cha molekuli kwa sumaku) ulipolipuka, naye hakuwa kwenye kazi yake. Alisimama tu kuangalia ya mwenzake.

Haya, epoksidi unayo. Namba yake, yaani ziada ya mkono mmoja juu ya mwingine kwa asilimia, ni ngapi? Hapa najua unageuza macho, lakini nitasema tena: hakuna rasemati, hakuna namba. Kabla ya kupima chochote tengeneza rasemati, ile ya mikono yote miwili nusu kwa nusu, kwa asetilasetoneti ya vanadili na haidroperoksaidi ileile. Ipitishe kwenye kolamu ya selulosi inayotenganisha mikono, ikisukumwa na heksani na isopropanoli 90 kwa 10, uione kwenye mchoro wake, kromatogramu, inagawanyika vilele viwili vyenye maeneo sawa. Usipoviona viwili, kilele kimoja cha sampuli yako hakimaanishi asilimia 99. Huenda kolamu haioni tofauti. Ukiviona viwili na havilingani, kuna uchafu umejificha chini ya kimoja. Pua yetu ilitenganisha zile chupa mbili za karvoni juu ya friji, kila moja na mkono wake, moja mnanaa, nyingine kisibiti (mjomba wako hadi leo anasema ilikuwa dawa ya meno), lakini pua haikupi asilimia.

Na upime mzigo mzima, kabla ya fuwele. Hili linanichoma bado. Kule tulikokuwa ulipozaliwa, mmenyuko mmoja ulitoa ziada ya asilimia 86. Mzigo ukafuweleshwa, fuwele zilikuwa asilimia 60 ya uzito, ziada yake 98. Nikapima kimiminika kilichobaki: 68. Piga hesabu mwenyewe, sehemu 60 za 98 na sehemu 40 za 68 zinarudi palepale 86. Kichocheo hakikuwa kimeongeza chochote, ni fuwele zilizochuja. Kwenye makala ikaandikwa 98 peke yake, na jedwali langu la kimiminika likaondolewa kwa maelezo kwamba linamchanganya msomaji. Msomaji gani huyo! Alichochanganywa nacho ni ile 98.

Ingawa, nijibishane mwenyewe, kufuwelesha si dhambi. Knowles, mmoja wa wale wa Nobel ya 2001, pale kampuni ya Monsanto, St. Louis, alianza mwaka 1968 na fosfini (ligandi yenye fosforasi) ambayo yenyewe ilikuwa na usafi wa mkono wa asilimia 69 tu, akapata ziada ya 15. Watu wangecheka. Kisha fosfini iitwayo CAMP ikampa 88, nyingine iitwayo DIPAMP ikampa 95, na L-DOPA ya wagonjwa wa Parkinson ikatengenezwa kiwandani kwa njia hiyo, fuwele zikimalizia usafi. Hakuficha 15, wala hakuficha 95. Kwa hiyo siwezi kusema kiwanda ndicho chenye haraka na chuo ndicho chenye ukweli. Niliyoyaona mimi yalikuwa kinyume. Na hata ule unga wa kawaida wa silika (oksidi ya silikoni) kwenye kolamu, isiyojua mkono wowote, huweza kuipa sehemu ya kwanza ziada tofauti na ya mwisho. Unaweza kudanganyika bila mtu kukudanganya. Ndiyo maana narudi palepale kwenye rasemati.

Sasa kuhusu fani kwisha. Prolini, asidi amino ya kawaida, ilikuwa ikifunga pete za atomi kwa kuchagua mkono tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwenye kazi ya Hajos na Parrish, na watu wakaichukulia kama kituko cha dawa za steroidi. Mwaka 2000 List, Lerner na Barbas wakaitia kama kichocheo, asilimia 30, pamoja na asetoni na isobutiraldehaidi, ziada ikafika 96. Kwa 4-nitrobenzaldehaidi walipata 76, nao wakaiandika hivyohivyo. Karibu miaka 30 kitu kilikuwa rafuni, kila mtu anakiona. Waliosema imekwisha mwaka 1990 walikuwa na sababu nzuri kuliko zako.

Lakini nisikushawishi. Ningependa sana kusema nenda, na baba yako angependa niseme usiende. Nimejizuia tangu ukurasa wa kwanza na kalamu inaniwasha. Uamuzi ni wako. Ila kuna jambo moja dogo nakuomba ufanye. Siku ya kuonana na huyo msimamizi, mwombe akuonyeshe kromatogramu ya rasemati ya makala yao ya mwisho, kisha uliza ziada ilikuwa ngapi kabla ya kufuwelesha. Tazama anaifungua kwa dakika ngapi. Ukitoka hapo, kabla hujapanda basi, nipigie.

Mama yako