Mwalimu, nimewakosa vijana wanne kati ya watano

Kwa wasomaji wapya: safu hii hujibu maswali ya wanaocheza Hoops Dynasty, mchezo wa mtandaoni wa WhatIfSports. Humo unakuwa kocha wa mpira wa kikapu katika chuo cha Marekani. Hubonyezi vitufe kufunga kikapu. Unasajili vijana wanaomaliza sekondari, unawapangia mazoezi na mfumo wa kucheza, mechi inaendeshwa na kompyuta, wewe unasoma matokeo. Wapinzani wako wengi ni watu kama wewe. Ligi zake huitwa dunia, na zina majina ya makocha: Naismith, Rupp, Wooden na wengine. Kila kocha huanzia daraja la tatu akapanda taratibu. Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu usajili, nami nimefurahi, kwa sababu humo ndimo mchezo wote ulimo.

*Shikamoo Mwalimu. Niko daraja la tatu, msimu wa pili. Nilikuwa na nafasi 5 za ufadhili, nikachagua vijana 5 bora niliowaona. Kwa wote nilikuwa naongoza. Waliposaini, mchezo ukanionyesha hesabu: karibu kila mmoja ni 60 kwa 40, mimi mbele. Nimempata 1 tu. Hivi mchezo huu una haki kweli?*
*Kocha mchanga, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana maumivu hayo nayajua. Tuanze na suala la haki, kwa sababu kocha anayeamini ameibiwa hajifunzi kitu.

Nilifundisha hesabu sekondari kwa miaka 31, kwa hiyo nivumilie kidogo. Ukiwa na 60 kwa 100 kwa kila kijana, uwezekano wa kuwapata wote 5 haufiki hata 8 kwa 100. Uwezekano wa kumpata 1 tu, au kuwakosa wote, ni karibu 9 kwa 100. Maana yake ni kwamba makocha 12 wakisajili kama ulivyosajili wewe, mmoja wao atatoka na kilio chako. Konferensi yako, yaani kundi la timu unaloshindania humo, ina timu 12. Msimu huu umeangukia wewe, na msimu ujao utamwangukia jirani. Hakuna aliyekuibia.

Kosa lako liko kwingine: uliingia vita 5 kwa mpigo. Fedha za ziara za kukutana na kijana, na pointi za ufuatiliaji za kumwonyesha kuwa unamtaka, unapewa kwa kufuata idadi ya nafasi zilizo wazi. Wewe ukazikata mafungu 5 yaliyo sawa, kama mama anavyogawa maandazi asubuhi ili asilie mtoto. Matokeo yake kila kijana alipata kiasi cha kukufanya uongoze, na hakuna aliyepata kiasi cha kumfanya mpinzani akate tamaa aondoke. Sasa 60 kwa 40 ni nini? Ni kurusha sarafu iliyoinama kidogo tu.

Ningekuwa mimi, ningepigania vijana 2, nao 3 ningewatafuta kwenye uwanja mtupu. Nikuonyeshe jinsi ninavyowachagua hao wa kupigania. Msimu uliopita kulikuwa na senta wa Indiana, yaani mchezaji mrefu wa karibu na kikapu, mwenye alama 62 za rebaundi (kudaka mpira uliokosa kikapu) na 58 za kuzuia mitupo, kijana wa kutamanisha kwa daraja letu. Nilipofungua ukurasa wake sikuanza na namba hizo. Nilianza na orodha ya vyuo anavyovifikiria. Vilikuwa viwili. Nikaingia chuo cha kwanza, nikahesabu wachezaji wa mwaka wa nne: 1 peke yake. Huyo kocha ana nafasi 1, mfuko wake ni mwembamba, lakini atauweka wote hapa. Nikaingia cha pili: wanaoondoka ni 6. Hapo mfuko umejaa! Ningeishia hapo ningekimbia. Ila niliangalia ni kina nani wanaoondoka. Wanne ni magadi, wale wa kupandisha mpira na kucheza mbali na kikapu, na chini yao tayari kuna masenta 3 wa mwaka wa kwanza na wa pili. Kocha mwenye akili timamu hatamwaga fedha kwa senta wa nne. Alimgusa tu kijana huyu kujaribu bahati.

Kumbe mpinzani wa kweli alikuwa yule maskini wa nafasi 1. Nikafanya ziara 20 za nyumbani, ile ya chuoni, nikaongeza na ahadi ya kuanza mechi. Kabla ya kusaini, jina la mpinzani lilikuwa limeshuka hadi daraja la chini kabisa la matumaini. Yule kijana tunaye.

Halafu hao 3 waliobaki. Tafuta walio karibu na chuo chako, kwa sababu gharama ya ziara inakua kwa umbali, na tafuta wenye orodha tupu. Usidhani orodha tupu maana yake ni mchezaji mbovu. Stephen Curry huyu tunayemjua, vyuo vikubwa vilimpita, vikamwona mwembamba mno. Akachukuliwa na Davidson, chuo kidogo cha North Carolina. Machi 2008 Davidson wakafika katika timu 8 za mwisho za taifa, wakafungwa na Kansas 59 kwa 57, na Kansas hao hao ndio waliotwaa ubingwa.

Soma pia anachokipenda kijana. Mmoja anataka kukaa karibu na nyumbani, mwingine anataka kwenda mbali. Mmoja anataka timu inayoshinda, mwingine timu inayojengwa upya. Anayetaka kocha aliyekaa chuoni miaka mingi, wewe wa msimu wa pili mwache apite hata kama namba zake zinang'aa. Kila pointi utakayompa itakuwa inapanda mlima, wakati kuna mwenzake ambaye pointi hiyo hiyo ingeteremka.

Neno moja zaidi kuhusu hizo nafasi 5. Una ufadhili wa wachezaji 12, na miaka ya masomo ni 4. Mimi hupenda 3 kila mwaka, basi. Katika msimu wangu wa nne nilisajili vijana 7 kwa pamoja, wazuri kweli, na walipofika mwaka wa tatu na wa nne tulishinda sana. Kisha wakahitimu siku moja. Msimu uliofuata nilikuwa na vijana wapya 7 wasiojua mfumo, tukafungwa hadi Februari ya mchezo ikaisha. Wapo makocha wazuri wanaopenda makundi makubwa kwa sababu ya mfuko mnono. Nimejaribu njia yao na sirudi.

*Shikamoo Mwalimu. Nina magadi wawili mezani na nafasi 1. Wa kwanza yuko tayari, anaweza kuanza leo, ila maskauti wanasema hakui tena. Wa pili anadhibiti mpira vibaya, pasi zake mbaya, lakini ripoti inasema ana nafasi kubwa ya kukua karibu kila mahali. Nimchukue yupi?*
*Dada wa Mombasa*

Marahaba, dada yangu. Hukuniambia jambo moja, nalo ndilo jibu: bidii yake ya mazoezi ni ngapi? Katika karatasi ya kijana, namba hiyo watu wanaipita kama kibao cha barabarani. Kijana mwenye nafasi kubwa ya kukua na bidii ya 20 ni shamba zuri lisilo na mvua.

Nilikuwa na gadi aliyekuja na udhibiti wa mpira 38. Bidii yake ilikuwa juu ya 70. Nilimweka nje msimu mzima bila kucheza, akafanya mazoezi tu, akabakiza miaka yake 4 kamili. Kila siku nilikuwa nafungua ukurasa wake kuona kama namba imesogea: 39, 41, 41, 42. Mwaka wake wa mwisho alikuwa na 81, na mfumo wetu wa kushambulia alikuwa ameukariri kama sala. Hilo la mwisho ndilo watu husahau. Gadi anayekaa nawe miaka 5 haongezi namba peke yake, anaujua mfumo pia, na uelewa huo hakuna anayeingia nao kutoka sekondari.

Sisi Watanzania tuna mfano wetu wa damu. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, alianza mpira wa kikapu akiwa kijana mkubwa tayari. Alipoingia Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006 alikuwa na urefu wa kutisha, kuzuia mitupo, na mengine mengi ya kujifunza. Msimu wa kwanza wastani wake ulikuwa pointi 6.2. Msimu wa tatu ulikuwa 13.6, na timu ikafika nusu fainali za taifa. Angepimwa kwa alichoweza siku ya kwanza tu, angeonekana senta wa kawaida.

Basi kama bidii ya huyo wa pili inazidi 50, na una gadi mwingine wa kukushikia msimu mmoja, mchukue. Kama huna gadi kabisa, mchukue wa kwanza bila kuona aibu. Timu isiyo na wa kupandisha mpira inapoteza mipira hata mbele ya timu mbovu. Na kama unacheza kubana uwanja mzima, angalia pumzi za wote wawili kabla ya chochote kingine, maana mfumo huo unakula watu, na utahitaji wachezaji 10 wanaoweza kukimbia.

*Mwalimu, nimepanda daraja la kwanza. Msimu umeisha, vijana wangu 2 wa mwaka wa tatu wametangaza kwenda NBA, na usajili wa awamu ya kwanza umeshapita. Nimebaki na mashimo mawili. Ningefanyaje?*
*Msomaji wa Arusha*

Pole sana, hili ndilo jeraha la daraja la kwanza. Na mchezo umeiga ukweli: Thabeet niliyemtaja aliondoka Connecticut baada ya miaka 3, akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA wa 2009. Curry naye aliondoka Davidson baada ya miaka 3, akachaguliwa wa saba siku hiyo hiyo. Makocha wao hawakuwa na la kufanya.

Unachoweza ni kutosubiri tangazo. Ukiona mchezaji wa mwaka wa pili au wa tatu namba zake zimekaribia kilele, mhesabu kama ameshaondoka tangu msimu unaanza. Katika awamu ya kwanza tafuta vijana 2 au 3 wanaopenda kusaini kwa kuchelewa, wape pointi chache chache kila siku, usiwape ahadi ya ufadhili ambao bado huna. Nafasi ikifunguka utawakuta wanakufahamu. Sasa hivi, kwa awamu ya pili, usikimbilie majina yaliyobaki juu. Makocha 20 waliojeruhiwa kama wewe wanayatazama hayo hayo. Shuka hadi kwa senta wa kawaida mwenye bidii, umweke nje mwaka mmoja, na shimo la pili liache wazi. Nafasi wazi msimu ujao ni fedha. Mchezaji mbovu aliyesajiliwa kwa hofu ni nafasi iliyofungwa miaka 4.

*Je, ni vibaya kumuahidi kila mtu kuanza mechi? Naona inasaidia sana.*
*Msomaji wa Kisumu*

Inasaidia, na ndiyo maana inauma usipoitimiza. Kijana uliyemuahidi kuanza halafu ukamweka benchi atanung'unika, na anaweza kuhama. Nafasi za kuanza ni 5. Toa ahadi ya kuanza kwa 1, ukizidi sana 2, na wengine waahidi dakika, tena chache. Dakika 10 kwa mechi unaweza kuzitafuta popote, hata tukiwa tunaongoza kwa 20.

*Shikamoo Mwalimu. Mizunguko ya usajili inapita nimelala. Mwezi uliopita niliamka nikakuta senta wangu kasaini kwingine. Unalalaje wewe?*
*Kaka wa Mwanza*

Marahaba. Nalala vizuri, kwa sababu nafanya kazi yangu kabla ya kulala. Mchezo unafuata saa za mashariki ya Marekani. Pointi za ufuatiliaji zikishapangwa zinaendelea kwenda kila mzunguko hata kama hukufungua kompyuta, kwa hiyo hizo zisikutie wasiwasi. Kinachohitaji mkono wako ni ziara na ufadhili, na hivyo vipeleke mapema, kabla mpinzani hajajua kama upo.

Ninavyohisi wewe ulikosea saa. Sisi saa zetu hazibadiliki, za kwao zinabadilika. Kuanzia Novemba tunawatangulia saa 8, kuanzia Machi saa 7. Mzunguko uliozoea kuukuta saa 1 asubuhi unahamia saa 12, na wewe bado uko kitandani. Hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mimi nimeziandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni, juu kabisa ya tarehe ya kulipia umeme.