Maswali ya Kompyuta: Majaribio yanarukwa, fsgqa hayupo

SWALI: Assalamu alaikum, Mwalimu. Mimi ni fundi wa kompyuta katika skuli moja hapa Wete. Seva yetu ya Linux inatunza kazi za walimu na wanafunzi. Kabla ya kuipandisha kerneli mpya (kiini cha Linux), huijaribu kwa fstests, mkusanyo wa majaribio ya mifumo ya faili, kwenye mashine pepe (kompyuta ya bandia ndani ya kompyuta) inayojengwa upya kila usiku. Asubuhi nakuta majaribio chungu nzima yamerukwa, sababu imeandikwa kwamba mtumiaji fsgqa hayupo. Nikiifungua akaunti hiyo kwa mkono mambo yanakwenda, kesho yake imepotea tena. Nifanyeje? Na je, naweza kutumia akaunti yangu mwenyewe?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaikumu ssalamu, mwanangu. Umefanya vyema kuyatazama yaliyorukwa. Wengi hutazama yaliyofeli tu, wakiona hakuna wanapandisha kerneli na kwenda zao. Jaribio lililorukwa halijakwambia lolote. Na haya yako ndiyo yanayouliza jambo linalokuhusu wewe na skuli yako: je, mwanafunzi anaweza kulifungua faili la mwalimu? Swali hilo huwezi kuliuliza ukiwa root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, kwa sababu root karibu kila mlango anapita. Lazima awepo mtumiaji wa kawaida, asiye na cheo, agonge mlango akataliwe. Huyo ndiye fsgqa.

Akaunti inapotea kwa sababu umeifungua ndani ya mashine ambayo usiku inafutwa. Iingize kwenye skripti inayoijenga mashine, kabla ya kuita ./check, amri inayoanzisha majaribio. Mstari wenyewe ni huu:

id fsgqa || useradd -m -U -u 6001 -s /bin/bash fsgqa

Yaani akiwepo mwache, asipokuwepo mfungulie. Rudia kwa fsgqa2 ukimpa nambari nyengine, maana yapo majaribio yanayotaka watumiaji wawili, mmoja mwenye faili na mwengine mgeni. Ile -U inafungua na kikundi cha jina hilo hilo. Majaribio kadhaa yanakitafuta.

Nambari 6001 nimeichagua mimi, weka yoyote isiyo na mwenyewe, lakini ukishaiweka usiibadilishe. Diski haihifadhi jina la mwenye faili, inahifadhi nambari yake, kama kitambulisho cha Mzanzibari: jina linaweza kufanana na la jirani, nambari haifanani. Sasa tazama. Fstests hutumia diski mbili za majaribio: SCRATCH_DEV inafomatiwa tena na tena, lakini TEST_DEV inaachwa makusudi izeeke kutoka jaribio hadi jaribio. Kama diski hiyo unaibakisha huku mashine unaijenga upya, na leo fsgqa amepewa 1001, kesho 1003, faili za jana zitakuwa za mtu mwengine. Utapata makosa ya ruhusa ambayo kerneli haina hatia nayo, na utayatafuta wiki nzima.

Kuhusu shell, programu inayopokea amri za mtumiaji: mafundi waangalifu hupenda kuipa akaunti kama hii nologin, inayomkatalia mtu kuingia. Hapa usifanye hivyo. Fstests humwita fsgqa kwa su (amri ya kugeuka mtumiaji mwengine) na kumjaribisha amri ndogo. Ikishindikana, jaribio linarukwa kwa sababu nyengine, kwamba hawezi kutekeleza amri. Basi soma sababu yenyewe, usihesabu tu yaliyorukwa. Nenosiri halihitajiki hata kidogo, root akiita su haulizwi. Kwa hiyo nakusihi usiandike nenosiri lolote ndani ya skripti.

Akaunti yako mwenyewe, hapana. Wewe umo katika vikundi vyengine, una faili zako, na majaribio ya kwota (kikomo cha nafasi ya diski kwa kila mtumiaji) yanahesabu kila kitu cha mtumiaji. Mwache fsgqa awe mtupu.

Kitu kimoja zaidi, maana kinawasumbua wengi: fstests umeiweka wapi? Ikiwa ndani ya /root, au ndani ya nyumba yako kwenye Ubuntu (tangu toleo la 21.04 nyumba za watumiaji zimefungwa kwa wageni), fsgqa hafiki kwenye programu anazotakiwa kuziendesha. Ukitumia make install itakwenda /var/lib/xfstests, mahali pazuri. Hakikisha kwa su fsgqa -c 'ls /var/lib/xfstests'.

Utakutana pia na mtumiaji anayeitwa 123456-fsgqa. Yupo kupima kama vifaa vya kwota vinalichukua jina linaloanza kwa tarakimu kuwa jina, si nambari. Generic/381 ni moja ya majaribio hayo. Amri ya adduser ya Debian italikataa. Jaribu useradd, nayo ikikataa liache, ni majaribio machache tu yanayolitaka.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Sina diski ya ziada. Naweza kuiweka SCRATCH_DEV kwenye diski ya nje yenye picha za harusi ya dada yangu? Nafasi imebaki nyingi.
Msomaji, Makunduchi

JIBU: Marahaba. Usithubutu! Kila kilichomo kwenye SCRATCH_DEV kitafutwa, nafasi iwe imebaki au haikubaki. Tengeneza faili mbili kubwa kwa truncate, zigeuze kuwa diski za bandia kwa losetup, moja iwe TEST_DEV na nyengine SCRATCH_DEV. Diski ya harusi ichomoe kabisa kabla hujaanza, halafu tazama lsblk, amri inayoorodhesha diski, uone imeshaondoka.