Muulize Fundi: Mlio wa "wiii" kwenye spika za kanisa

SWALI: Hujambo fundi. Kanisani kwetu hapa Ahero tuna miksa ndogo ya volti 9. Inatumia betri ya sola ya volti 12 kupitia kibao cha kupunguza volti, kile chenye chipu ya LM2596. Amplifaya imeungwa moja kwa moja kwa betri hiyo hiyo. Mhubiri akinyamaza tu, spika zinalia "wiii". Nilitoa kapasita (kipande kinachohifadhi umeme kidogo na kutuliza volti) ya upande wa kutokea nikaweka ya mikrofaradi 4700, mlio ukabaki vile vile. Nikaongeza za seramiki tano, ukazidi. Ninunue kibao kingine?
— Msomaji, Ahero

JIBU: Usinunue bado, ndugu yangu. Hizo seramiki zimekupa habari muhimu kuliko unavyodhani.

Chipu hiyo hufungua na kufunga umeme mara 150,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu, hata la kijana, husikia hadi kama mitetemo 20,000 kwa sekunde. Kwa hivyo "wiii" hiyo si mapigo yake ya kawaida. Kuna kitu kingine kinachotokea polepole zaidi, na hicho ndicho cha kutafutwa. Watu wengi wanaoniletea vibao hapa Kondele wamekwisha kuongeza kapasita juu ya kapasita kabla ya kujiuliza ni kelele ya aina gani.

Anza kwa kuzing'oa seramiki zote tano. LM2596 ni chipu ya zamani; inahitaji ukinzani kidogo ndani ya kapasita ya kutokea ndipo itulie. Seramiki karibu haina ukinzani huo. Ukizijaza, chipu inaweza kuanza kuyumba: inazidisha, inapunguza, inazidisha tena, na kuyumba huko kunasikika. Ile ya 4700 nayo, ukubwa pekee hausaidii ikiwa ni ya bei ya chini yenye ukinzani mwingi ndani. Weka ya mikrofaradi 220 au 330 iliyotengenezewa vibao vya aina hii. Na kibao kisikae juu ya amplifaya, maana joto hukausha kapasita, na chini ya mabati ya Ahero saa nane mchana joto lipo la kutosha.

Lakini mlio ulikuwepo hata kabla ya seramiki. Chukua betri kavu sita za volti 1.5, uziunge kwa mfuatano upate volti 9, uwashe miksa kwa hizo peke yake. Ikilia bado, kibao hakina hatia. Tazama miksa na waya za maikrofoni. Ikinyamaza, rudisha kibao, ila safari hii ukilishe kwa betri ya pikipiki, mbali kabisa na betri ya amplifaya. Ukimya hapo mara nyingi una maana hii: tatizo ni njia ya hasi. Umeme wa kibao unarudi kwenye betri kwa kupitia ngao ya waya wa sauti (ule wavu wa nje unaouzunguka), na amplifaya inausikia kama muziki. Vuta waya wa hasi wa kibao hadi kwenye nguzo ya betri yenyewe, na wa amplifaya vivyo hivyo, kila mmoja na wake. Nimeona kelele ya miezi ikiisha kwa nusu mita ya waya.

Ikilia hata kwa betri ya pikipiki, nashuku mzigo mdogo. Miksa ndogo hula umeme kidogo sana, na chipu ikikosa kazi huweza kuruka mapigo, ikafanya kwa mafungu badala ya mfululizo. Unga rezista (kipande cha kuzuia umeme) ya omu 100, ya wati 2, kati ya chanya na hasi za upande wa kutokea. Itavuta miliampea 90 na itapata moto, usiishike. Sauti ikibadilika au ikipotea, umemshika mwizi.

Baada ya hayo tu ndipo uongeze kichujio: koili ya mikrohenri 10 halafu kapasita ya mikrofaradi 100, baada ya kibao. Pini ya 4, ile inayopima volti, iache pale ilipo, kabla ya koili.

Kwa mafundi wenye osiloskopu (kifaa kinachoonyesha umbo la umeme kwenye skrini): kabla ya kuamini miiba, yaani michomo mikali ya volti, mnayoiona, gusisheni ncha ya kipimo na klipu yake ya hasi, zote mbili kwenye hasi ya kibao. Miiba ikibaki, inatoka kwa ule waya mrefu wa klipu, unaonasa kelele kama antena. Mimi nilibadilisha chipu tatu za mteja mmoja wa Nyalenda kabla ya kulijua hilo, na pesa zake ziliniuma. Siku hizi, badala ya ule waya wa klipu, nazungushia waya mfupi wa shaba kwenye shingo ya kipimo, sentimita moja hivi.

Ndugu wa Ahero, niandikie ni jaribio gani lililobadilisha mlio, na kama uligeuka kuwa mwembamba au mzito.