Kama hujaitazama, sema hivyo

Ndugu, umeuliza kama uendelee kuitikia kwa kichwa kila wenzako wanapoizungumzia The Godfather, au ukiri kwamba hujawahi kuitazama. Kiri. Anayejifanya kuijua filamu hunaswa na swali la pili, ilhali anayesema wazi kwamba hajaiona humpa mwenzake nafasi ya kuisimulia, na ni nadra shabiki wa sinema kuikataa nafasi hiyo.

Usijiandalie, hata hivyo, orodha ndefu ya filamu za kale, kwani orodha za namna hiyo hugeuka deni lisilolipika. Filamu hiyo ya mwaka 1972 inakaribia saa 3, kwa hiyo itengee jioni nzima, weka simu mbali, na uangalie kwa makini inavyoanza: uso wa mtu anayeomba kulipiziwa kisasi umezungukwa na giza, kisha picha inapanuka polepole mno hadi anapotokeza, kwa mgongo, yule anayeombwa.

Iwapo urefu huo unakutisha, tangulia na 12 Angry Men ya mwaka 1957, ambayo haifiki dakika 100 na karibu yote inatokea ndani ya chumba kimoja. Mwongozaji wake, Sidney Lumet, alikuwa akibadilisha lenzi kadiri mjadala ulivyopamba moto, ili chumba kionekane kinawabana wanaume 12 wanaoamua hatima ya mshtakiwa. Ikikuchosha, izime bila aibu. Hapo utakuwa na la kusema wenzako watakapoanza tena.