Usilete tinga kwenye huo mteremko

Ndugu yangu, mpigie huyo mwenye tinga (buldoza) sasa hivi umwambie asije. Kama umeshampa arbuni, bora arbuni iende.

Umesema mna ekari moja upande wa Karen inayoteremka hadi mto Mbagathi, mzee wenu aliiacha miaka mingi, na sasa kichaka cha lantana kimefunika kila kitu na mikaratusi michanga imechomoza katikati. Ukauliza tinga au ile mashine ya kusaga vichaka, gharama ni ngapi kwa ekari, na ukimaliza uoteshe ua wa aina gani. Kisha ukaongeza kwamba jamaa amekuahidi kusafisha katikati ya Machi "mpaka udongo mwekundu uonekane". Hapo ndipo moyo ulinipasuka, maana mimi niliambiwa maneno hayohayo.

Shamba letu liko Dagoretti, udongo mwekundu kama wenu, mteremko unaoishia kwenye kijito. Mwanakandarasi alileta tinga akalipwa kwa saa. Hebu fikiria hilo kwanza: mtu anayelipwa kwa saa ndiye anayeachiwa aamue kazi imeisha lini. Alituambia kwamba shamba safi ni shamba lisilo na hata jani, na kwamba lantana ikiachwa na mzizi wake umetupa pesa. Alisema kwa sauti ya mtu aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote, na huenda ameifanya kweli, ndiyo maana inaniuma zaidi.

Bamba la tinga haliwezi kushika kichaka likauacha udongo. Ili ling'oe shina la lantana lazima lizame, na likizama linasukuma kila kitu pamoja: mashina, mizizi, majani yaliyooza, na ule udongo wa juu uliokolea rangi, uliojengwa na majani hayo yakianguka na kuoza mwaka baada ya mwaka. Ni kumchuna mtu ngozi ili kumtoa upele. Piga hesabu mwenyewe. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ukikwangua sentimita 10 tu, kiasi cha upana wa kiganja, umeondoa zaidi ya mita za ujazo 400. Lori linalobeba mita za ujazo 10 litapiga safari 40 kuuhamisha udongo huo.

Na ulihamishwa! Kwanza ulisukumwa ukawa lundo kando ya mpaka, refu kuliko mtu, mwanakandarasi akasema tutalichoma. Lantana iliyochanganyika na udongo haiwaki, inafuka tu. Moshi ulilala juu ya nyumba za majirani hadi mama mmoja mzee akaja langoni kwetu ameziba pua kwa leso, hasemi kitu, anatazama tu. Ndipo mwanakandarasi akajitolea "kutusaidia" kuliondoa kwa malori. Malori tukalipia sisi. Baadaye tukaja kujua kwamba udongo ule uliuzwa kwa watu wanaotengeneza bustani za nyasi. Yaani tulilipa ili tuibiwe. Na msiniulize nilikuwa wapi wakati huo. Nilikuwa kazini nikitafuta pesa za hilo tinga.

Masika yakaja. Tone la mvua likipiga udongo mtupu linauvunjavunja, chembe laini zinaziba vitundu vya juu, maji yanakosa pa kuingia, basi yanashuka. Asubuhi baada ya mvua ya kwanza kubwa mteremko ulikuwa na michirizi ya upana wa kidole. Mvua zilipokaza, michirizi ikawa mitaro ya kufika magotini, na kijito chini kikawa chekundu pyu. Bikoni za mpaka nazo zilikuwa zimeng'olewa na tinga, ikabidi kumleta mpimaji mwenye leseni azirudishe, gharama nyingine juu ya gharama.

Na lantana? Ilirudi. Visiki vilivyokatika vilichipua, na mbegu zilizolala ardhini zikapata mwanga. Kilichoondoka moja kwa moja ni udongo, lantana yenyewe haikwenda popote.

Kwa hiyo shika hili moja, hata ukisahau mengine yote: kata, usikwangue. Chochote utakachotumia, chuma kisiingie udongoni.

Mashine ya kusaga vichaka inafaa kwa sababu hiyo. Ina ngoma ya chuma yenye meno magumu inayozunguka kwa kasi na kukisaga kichaka kikiwa kimesimama. Mizizi inabaki chini ikishikilia mteremko, na vipande vinabaki juu vikiwa matandazo. Hivyo ndivyo vinavyopokea tone la mvua badala ya udongo, vinapunguza kasi ya maji na kuzinyima mbegu mwanga. Usivichimbie ndani ya udongo, maana vijidudu vinavyoozesha mti mbichi vitanyonya naitrojeni ambayo mimea yako ingeihitaji. Viache juu vioze taratibu.

Lakini hata mashine hiyo inaweza kukuharibia ikiwa dereva anashusha ngoma hadi ichimbe ili paonekane pasafi. Simama naye mwanzoni. Mwambie kwa maneno wazi kwamba unataka visiki vifupi na udongo usioguswa, na umlipe kwa ekari, si kwa saa. Kabla hajaingia, tembea shamba lote na vijana wenye panga, mtafute seng'enge kuukuu, mawe na mabomba ya maji, na kila bikoni muichomekee mti mrefu wenye kitambaa. Waya ukijiviringisha kwenye ngoma, kazi imesimama.

Tena kuna jambo ambalo hukuuliza. Ngoma hizo kubwa hurusha mawe na vipande vya mti mbali sana, na kawaida watu huwekwa umbali wa kama mita 100. Ekari moja iliyo mraba ina takriban mita 64 kila upande. Maana yake hatari inavuka ua wako na kuingia kwa jirani. Kama nyumba ziko karibu, achana na mashine kubwa. Chukua vijana wenye pawa (misumeno ya injini), mapanga na mafyekeo, wakate karibu na ardhi, kisha matawi yakatwekatwe na kulazwa kwa mistari inayokata mteremko, ili maji yakishuka yakutane nayo. Ni polepole, lakini udongo unabaki wako.

Anza kiangazi, Januari au Februari, au baada ya Juni ardhi ikikauka. Katikati ya Machi unaifungulia masika mlango. Fanya sehemu kwa sehemu, usivue shamba zima kwa mara moja. Mvua ikishalainisha ardhi, pita ung'oe miche ya lantana kwa mkono ingali midogo, na urudie tena na tena. Mikaratusi huchipua kwenye kisiki, kwa hiyo vunja machipukizi kila yanapotokea. Mbuzi na ng'ombe wasiingie kula lantana iliyokatwa, inaharibu ini lao.

Na upande wa Mbagathi usikate hata kidogo kwanza. Kanuni za maji zinaweka ukanda wa mto wa mita 6 hadi 30 kulingana na upana wa mto, na hapo ndipo mizizi inahitajika kuliko popote. Uliza Mamlaka ya Rasilimali za Maji mpaka wako unaishia wapi. Miti mikubwa nayo, uliza kaunti kabla ya kuiangusha.

Ukishaongea na huyo jamaa wa tinga, weka hapa picha ya mteremko ukiwa umesimama chini karibu na mto ukitazama juu, tuone ukali wake na nyumba za jirani ziko wapi. Atakuambia ameshawasha mashine na yuko njiani. Mwambie ageuze.