Barua kwa mwanangu: nyumba haifuati tarehe ya safari

Same, 14 Septemba

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Shikamoo yako ya Jumapili ilifika pamoja na swali lake, na kwa kuwa nilikujibu kwa haraka kwenye simu, huku mbuzi wa jirani wakiwa wameshaingia kwenye mahindi, nimeona ni heri nikae chini nikuandikie kama inavyompasa mzazi aliyeulizwa jambo la maana. Ulisema kwamba wenzako wa maabara hapo hospitalini wamekuandikisha kwenda Jumamosi ijayo kujitolea katika ujenzi wa nyumba ya familia yenye kipato kidogo huko Atlanta, Marekani, shughuli inayoendeshwa na shirika la Habitat for Humanity, na ukaniuliza mambo mawili. La kwanza, je, ni haki uende kumjengea mtu usiyemjua katika nchi tajiri kiasi hicho, wakati nyumba ya shangazi yako Hedaru ina kenchi lakini haina bati? La pili, wewe ambaye hujawahi kupigilia hata msumari wa kutundikia kalenda, hutawapotezea mafundi muda wao?

Nitaanza na la pili kwa sababu ndilo la kazi yangu. Fundi hodari akikosa mtu wa kumsogezea tofali, wa kumshikia ncha ya kamba na wa kumwagilia ukuta wa jana, hushinda ameshika mwiko akitazama mawingu. Mimi mwenyewe nilianza nikiwa saidia fundi, na kwa mwaka mzima sikuruhusiwa kugusa timazi. Kwa hiyo asiyejua ana nafasi yake kwenye saiti, mradi aseme mapema kwamba hajui. Aliyenitia hasara katika miaka yote ile ni yule aliyeona haya kuuliza. Huko watakupa kofia ngumu, watakuonyesha kwamba nyundo hushikwa mwishoni mwa mpini na si katikati, na watakupa kazi ambayo ukiikosea itarekebishika. Ukiambiwa ushike ubao, shika ubao. Ukiambiwa ukate, uliza kipimo mara ya pili kabla msumeno haujapita, kwa kuwa ubao uliokatwa mfupi haurefuki.

Ile video uliyonitumia nimeitazama mara tatu. Nyumba nzima ya mbao! Ukuta unaungwa ukiwa umelala sakafuni, kisha watu wanane wanauinua kwa pamoja kama wanaosimamisha hema la harusi. Mama yako alicheka hadi akatoka nje, akasema kwetu hilo lingekuwa banda la kuku wa kisasa. Lakini mara ya tatu niliacha kutazama watu nikatazama kazi, nikaona kwamba nguzo zimepangwa kwa nafasi iliyo sawa kabisa, na kwamba kabla ukuta haujafungwa mzee mmoja mwenye miwani aliweka pima maji, akasogeza kidogo kwa kisigino cha mkono, akaiweka tena. Yule ni fundi. Mtafute huyo, au mwingine wa namna yake, ukae karibu naye siku nzima.

Sasa, kabla ya lile swali la haki, ipo habari moja ambayo sikuwahi kukusimulia, nayo ndiyo inayonifanya nisikujibu kwa neno moja tu la kwenda au kutokwenda.

Mwaka 2009, ulipokuwa kidato cha tatu, niliitwa kusimamia ujenzi wa nyumba ya mama mmoja mjane mwenye watoto wanne, katika kijiji kimoja cha huku tambarare. Wajenzi walikuwa kikundi cha vijana wa kujitolea kutoka ng'ambo, watu wema, wachangamfu, ambao walikuwa wamejichangia nauli zao wenyewe na fedha za vifaa. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, ya matofali ya kufungamana, yale ambayo hufyatuliwa kwa mashine ya mkono kwa udongo na saruji kidogo, bila kuchomwa kwa kuni, na ambayo ukutani hushikana kwa meno yake yenyewe. Ni tofali zuri na lisilo ghali. Mfuko mmoja wa saruji ulitupa matofali 80 hivi, na nyumba ile ilihitaji zaidi ya 2,000.

Tofali hilo, mwanangu, lina masharti, na sharti la kwanza liko kiganjani. Unachota udongo uliokwisha kuchanganywa, unaubana mkononi hadi ufanye donge, kisha unaliachia lianguke kutoka usawa wa kifua. Likibaki zima, maji yamezidi. Likisambaratika kuwa vumbi, maji hayatoshi. Likipasuka vipande vinne au vitano, unaweza kuanza kufyatua. Vijana wale walipenda sana jaribio hilo, wakawa wanalifanya hata pasipo haja. Sharti la pili halipendezi mtu yeyote kwa sababu ni kungoja. Tofali likishafyatuliwa hupangwa kivulini, hufunikwa kwa majani au nailoni, humwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku zisizopungua 7, kisha huachwa likomae, na saruji yoyote inahesabiwa kuwa imefikia nguvu yake baada ya siku 28. Kikundi kilikuwa na siku 14, na ndege yao ilikuwa na tarehe.

Nilikuwa nimependekeza kwamba vijana wa kijiji wafyatue matofali mwezi mmoja kabla, ili wageni wakute mali iliyokomaa na kazi yao iwe kujenga. Waratibu wakanijibu kwamba wageni wangependa kushiriki tangu tofali la kwanza, na kwamba wafadhili walitarajia picha ya mama yule akipokea ufunguo siku ya mwisho. Ningeweza kukataa. Nilikuwa msimamizi, nilijua, na nilikuwa na umri wa kutosha kusema hapana mbele ya watu. Sikukataa, na siku ya tano tulianza kupandisha kozi, yaani mistari ya ukuta, kwa matofali ambayo mengine yalikuwa na usiku mmoja tu. Picha ilipigwa, watu walilia kwa furaha, nami nilipigwa picha pia.

Masika iliyofuata ukuta unaopokea mvua ya mashariki ulianza kumomonyoka pembeni. Ukipitisha kidole kwenye kozi za chini, udongo ulikuwa unatoka kama unga wa muhogo, na juu ya dirisha la chumba cha watoto ulitokea ufa ambao ungeweza kupitisha sarafu. Mama yule hakunilaumu. Alisogeza kitanda, akaweka ndoo, akanitumia salamu kwa mtu wa gulio kwamba fundi akipata nafasi apite. Sikuwa na namba ya simu ya mtu yeyote wa kikundi kile iliyokuwa bado inapatikana. Mvua zilipokatika nilifyatua matofali kwa fedha yangu, nikayaacha yakomae siku zake zote, kisha nikaubomoa ukuta ule mimi na vijana wawili na kuujenga upya kwa siku tisa. Ndiyo sababu ada yako ilichelewa mwaka ule hadi ukarudishwa nyumbani kwa wiki moja, na nikakwambia kwamba kuna mteja ambaye hajanilipa. Hapakuwa na mteja. Nisamehe kwa uongo ule. Sikuutaka, lakini pia sikutaka ujue kwamba baba yako alijenga vibaya akijua.

Wewe unakwenda kwa siku moja tu, muda mfupi kuliko hata wao, lakini muda wako si neno endapo nyumba haikutegemei wewe kwa kukamilika kwake. Hilo ndilo la kuchunguza. Uliza nani atakuwepo hapo Jumatatu. Uliza pia nani atakayepigiwa simu paa likivuja mwaka wa pili. Kwa jinsi nilivyosoma habari za hao waliokualika, nadhani utapata majibu, kwa kuwa utaratibu wao tangu mwanzo haukuwa wa kugawa nyumba. Familia inayochaguliwa huinunua nyumba kwa mkopo nafuu na kuulipa kidogo kidogo kwa miaka mingi, na kabla ya kuingia hutakiwa kufanya kazi kwa mikono yake kwa mamia ya saa, katika nyumba yake na katika za wenzake. Basi usishangae ukimkuta mwenye nyumba juu ya ngazi, naye ndiye atakayekuonyesha mahali nyundo zilipo.

Na hapo ndipo ninapoingia katika lile swali lako la kwanza. Unashangaa kwamba Waafrika tujitolee kujenga Marekani, lakini wazo hilo lenyewe lilipita Afrika kabla ya kuenea huko. Lilianzia kwenye shamba la jumuiya ya Kikristo liitwalo Koinonia, karibu na mji wa Americus, kusini mwa hapo ulipo katika jimbo hilo hilo la Georgia, ambako familia maskini, nyingi zikiwa za watu weusi, zilikuwa zinaishi katika vibanda. Millard Fuller, mwanasheria aliyekuwa ameuacha utajiri wake, na mkewe Linda, walilibeba wazo la kujenga bila faida na bila riba hadi Mbandaka, katika Kongo iliyoitwa Zaire wakati huo, wakalijaribu huko kuanzia mwaka 1973, na waliporudi Americus mwaka 1976 ndipo wakaanzisha chama hicho. Jirani yao wa mji wa Plains, Rais mstaafu Jimmy Carter, alijiunga nao, na mwaka 1984 alisafiri kwa basi pamoja na watu wa kujitolea hadi New York kukarabati jengo chakavu la ghorofa sita kwa ajili ya familia 19. Aliendelea hadi uzeeni kabisa. Mwaka 2019, akiwa na miaka 95, alianguka nyumbani kwake akashonwa nyuzi 14 juu ya jicho, na bado akatokea Nashville kwenye ujenzi. Watu walimsifu sana, nami namheshimu, ila kwenye saiti yangu mtu mwenye nyuzi usoni ningemrudisha nyumbani akalale.

Kuhusu shangazi yako, naona umechanganya mifuko miwili. Jumamosi yako haipandi basi la kwenda Hedaru. Kinachofika Hedaru ni fedha, na hiyo unaituma kila mwezi bila kukumbushwa. Wakikuomba na mchango wa fedha huko, toa kiasi cha chakula chako cha mchana na uwaambie kwa adabu kwamba una paa lingine linalokusubiri. Zaidi ya hapo hudaiwi na mtu. Lakini mikono yako iko Atlanta, na pengine huyo atakayehamia katika nyumba ile ndiye anayepiga deki korido ya hospitali yenu kabla hujafika asubuhi.

Babu yako alikuwa anakwenda kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, pembe ilipolia, akabeba jembe lake hadi kwenye ndiva, bwawa la maji ya kumwagilia, kuzibua matope, na asiyekwenda alitozwa faini. Sikumsikia hata siku moja akiuliza kama maji yatafika kwanza kwenye shamba lake au la mtu mwingine. Nikiri kwamba naupenda msaragambo kuliko kujitolea kwa siku hizi, kwa sababu uliyemfanyia kazi mbovu unakutana naye kesho mferejini na anakwambia. Wewe unakaa mji mmoja na hao unaowajengea, kwa hiyo kidogo uko karibu na babu yako kuliko walivyokuwa wale vijana wangu wa 2009. Pita tena pale baada ya miezi michache, hata kwa dakika kumi, utazame milango inafungaje. Mlango unaokwama husema mengi kuhusu ukuta.

Nenda basi. Vaa viatu vya kufunika vidole, si hivyo vya kitambaa unavyovipenda, nywele uzifunge, na ujiandikie vipimo kwenye mbao kwa penseli kama watu wa kazi wanavyofanya. Kitu kimoja nakuomba unitazamie: pale kuta mbili za mbao zinapokutana kwenye kona, wanazifungaje zisiachane? Kwenye video mtu alipita mbele ya kamera sikuona. Nipigie picha.

Jumamosi hiyo nami nitakuwa Hedaru. Shangazi yako anasema kenchi moja ya upande wa jikoni inaonekana imepinda, na ni afadhali niikague kabla ya kununua bati kuliko baada ya kulipigilia, maana vuli haiko mbali. Utakapokuwa unaanza saa mbili asubuhi huku itakuwa saa tisa alasiri, na nadhani nitakuwa nimeshashuka kwenye ngazi, nakunywa chai yake ile yenye tangawizi nyingi. Piga simu mkipumzika, utusalimie sote wawili.

Mama yako anakusalimu, na anauliza kama lile koti ulilonunua linatosha kwa baridi ya mwaka huu.

Wako,
Baba