Jibu: bunduki mpya ya bolti ya .308 (kipimo cha risasi) inatawanya risasi, nianze na nini?

Mkuu, kabla ya kununua mtutu mwingine, kagua ulichonacho. Hakikisha chemba ni tupu, toa bolti, kisha pitisha karatasi kati ya mtutu na kitako (mwili wa mbao au plastiki unaoshika bunduki), kuanzia mbele kurudi nyuma. Ikikwama, kitako kinagusa mtutu. Vitako vya plastiki vya bei nafuu ndivyo vilivyo: hupinda kidogo ukiegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, na kila risasi inakwenda kwake. Msasa uliozungushwa kwenye kijiti unatosha kupanua mfereji wa kitako ambamo mtutu unalala.

Skrubu za kitako na za darubini zikaze kwa spana ya kipimo (inayoonyesha nguvu ya kukaza), kwa namba zilizo kwenye kitabu cha bunduki na cha darubini. Kukaza kwa hisia ndiko kunakoharibu.

Halafu jaribu risasi za greni (kipimo cha uzito wa risasi) 150, 165 na 180. Piga tatu tatu, acha mtutu upoe. Mita 100, kundi la matundu lenye upana wa sentimita 4 linatosha kabisa kwa mawindo. Wanaotaka tundu moja wana mashindano yao. Triga ikiwa nzito, mpe fundi bunduki, usiiguse kwa tupa.